Mtambo mdogo wa mvuke wa kutolea mafuta ya mchaichai na majani ya mkarafuu

Mchaichai unaota nyuma ya nyumba nyingi Pemba, na majani makavu ya mkarafuu tunayafagia na kuyatia moto. Vyote viwili vina mafuta yanayotafutwa na watu wa sabuni, wa marashi na wa mafuta ya kuchulia mwili. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, Chake Chake, kinaifanya kazi hii kwa kiwango kikubwa, na nguvu yake ni mvuke. Uani kwako utatumia kanuni ile ile kwa pipa la lita 60.

Mtambo wenyewe una sehemu nne: boila ya kuchemshia maji, pipa la majani, kipoozeo, na chupa ya kutenganisha mafuta na maji. Unahitaji fundi wa kuchomelea anayejua kushika chuma cha pua, na fundi wa mafriji wa kukukunjia mrija. Sehemu zilizobaki unaziweza mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote

Mtu asiyezoea akiona pipa, moto na mrija uliojizungusha ndani ya maji, neno la kwanza litakalomtoka ni gongo. Usimlaumu, maumbo yanafanana. Nenda kwa sheha wako mapema, mpe shikamoo yake, mweleze unataka kufanya nini na umwalike aje siku ya kwanza ajionee. Wazee wa barazani nao wakaribishe wainuse chupa. Ukianza kwa kujificha nyuma ya makuti, hata mafuta ya halali yatakuletea askari mlangoni.

Na iwe kweli. Mtambo huu si wa kitu kilichochachuka: usitie maji ya matunda yaliyolala, wala tembo la mnazi. Kwanza sheria hairuhusi. Pili, mvuke wa pombe unashika moto, na hapa tunafanya kazi na moto wazi.

Jambo jengine ni karafuu. Karafuu kavu na makonyo ni biashara ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mwongozo huu hauzigusi. Ninachozungumzia ni majani yaliyodondoka yenyewe chini ya mti. Hata hayo, ukitaka kuuza mafuta yake, ulizia kwanza katika ofisi ya ZSTC ya wilaya yako na uondoke na jibu linaloeleweka. Mchaichai hauna mlolongo huo, ndiyo maana nashauri kila anayeanza aanze na mchaichai.

Mvuke unafanya nini

Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kitu kinachoitwa eujenoli, ambacho peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Sitrali, inayoupa mchaichai harufu yake, huchemka karibu na nyuzi 229. Ukitaka kuyapata mafuta hayo kwa moto mtupu utayaunguza pamoja na majani yake. Lakini maji na mafuta hayachanganyiki, na vitu viwili visivyochanganyika vikipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kama vile mwenzake hayupo. Misukumo ya mivuke hiyo miwili hujumlika, ikafikia uzito wa hewa ya nje kabla maji hayajafika nyuzi 100. Kwa hiyo mafuta yanatoka yakiwa chini kidogo ya joto la maji yanayochemka, yamebebwa na mvuke, bila ya kuungua.

Wengi huanza kwa kuchemsha majani ndani ya maji katika sufuria moja. Mafuta yanatoka, sikatai, lakini majani yakikaa kwenye kitako cha sufuria yanaungua, na ile harufu ya moshi haiondoki tena. Moto ukiwa kwenye chombo chake na majani kwenye chombo chao, majani hayakutani na kitu chochote isipokuwa mvuke. Hiyo ndiyo sababu ya kujisumbua na vyombo viwili.

Hatua ya kwanza: boila

Mpe fundi akutengenezee ngoma ya chuma cha pua ya lita 30 hivi, yenye upana wa sentimita 35, kitako kizito na mfuniko uliochomelewa moja kwa moja. Usikubali mtungi wa gesi wa zamani, wala mtungi wa kuzimia moto, hata kama fundi anaapa kwamba ameusafisha. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea au rangi nalo likatae.

Juu ya mfuniko pawe na matundu matatu. La kwanza ni la kutolea mvuke, bomba la inchi moja. La pili ni la kujazia maji, lenye kizibo cha skrubu. La tatu ni la bomba la usalama, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapotaka kukupunguzia gharama.

Bomba la usalama ni bomba la robo tatu inchi, limenyooka, linapita kwenye mfuniko na kushuka ndani ya maji mpaka sentimita 5 kutoka kitako. Kwa juu linapanda mita moja na robo juu ya mfuniko na linabaki wazi. Mdomo wake uinamishwe kuelekea upande asikopita mtu. Halina valvu, halina kifuniko, halina kitu cha kuharibika. Kazi zake ni tatu.

Mvuke ukizuiwa mbele, tuseme majani yameshindiliwa mno au mrija umeziba, msukumo ndani ya boila unapanda. Badala ya boila kupasuka, maji yanapanda kwenye bomba. Mita moja ya maji ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wa hewa ya kawaida, msukumo mdogo ambao ngoma iliyochomelewa vizuri haiuhisi. Ukizidi hapo, maji ya moto yanamwagika nje kupitia bomba na wewe unajua kuna tatizo.

Kazi ya pili ni kinyume chake. Ukizima moto, mvuke uliobaki ndani unageuka maji na kuacha nafasi tupu. Nafasi hiyo inavuta. Bila ya njia ya kuingiza hewa, boila itafyonza maji machafu kutoka kwenye pipa la majani, na ikiwa pipa lenyewe ni la bati jembamba linaweza kubonyea mbele ya macho yako. Bomba la usalama linaingiza hewa kwa mapovu kupitia kwenye maji, na jambo linaishia hapo.

Kazi ya tatu ni kukwambia maji yamekwisha. Yakishuka chini ya ncha ya bomba, mvuke utaanza kutoka juu kwa mlio ambao hata aliyelala ataamka. Zima moto. Bado una sentimita 5 za maji chini, na kitako hakijaungua.

Fundi akikwambia "weka valvu ya presha tu, mzee", mwambie asante na umsomee maelezo haya haya. Valvu hukwama kwa chokaa ya maji yetu, na siku inapokwama haimwambii mtu.

Sheria moja ifuatwe kuanzia hapa mpaka mwisho: baina ya boila na chupa ya mafuta pasiwe na koki wala valvu yoyote. Njia ya mvuke iwe wazi toka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya pili: pipa la majani

Pipa la chuma cha pua la lita 60, lenye mdomo mpana wa kufunguka wote na pete ya kubana mfuniko, ndilo bora. Ukilikosa, sufuria kubwa la alumini la kupikia pilau ya shughuli linafaa, alimradi mfuniko wake unakaa sawa. Chuma cha kawaida kiepuke: eujenoli ikikutana na chuma, mafuta yanatoka meusi na mnunuzi atakuuliza umeyachanganya na nini. Plastiki usiifikirie kabisa kwa sehemu hii.

Bomba la mvuke liingie ubavuni, karibu na chini, na ndani liishie kwenye mrija wa duara uliotobolewa matundu madogo madogo ili mvuke usambae. Juu yake, sentimita 12 hivi kutoka kitako, weka wavu wa chuma cha pua juu ya miguu mitatu. Majani yatakaa juu ya wavu. Chini kabisa weka koki ndogo ya kutolea maji yatakayojikusanya. Koki hii haiko kwenye njia ya mvuke kwenda kwenye chupa, kwa hiyo haivunji ile sheria.

Mfuniko uwe na bomba la inchi moja katikati, linalopanda kidogo kisha kugeuka kwenda kwenye kipoozeo. Viungo vya mabomba vifungwe kwa yunioni ili uweze kuvifungua na kusafisha, na nyuzi zake zizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kama kuna pahali pa kulehemu, fundi asitumie risasi.

Mfuniko unaziba kwa nini? Mipira ya kuzibia inaliwa na mafuta ya karafuu. Inavimba, inalainika, kisha inaacha harufu yake kwenye mafuta. Kanda unga wa ngano kwa maji, uwe mgumu kama wa chapati kabla ya kutiwa mafuta, uviringishe utepe wa unene wa kidole na uulaze kwenye mdomo wa pipa kabla ya kubana pete. Unga unaiva kwa joto na kuziba barabara. Siku msukumo ukizidi, unga ndio utakaoachia kwanza, nayo ni salama ya ziada.

Mwisho, livishe pipa magunia mawili matatu na uyafunge kamba. Pipa likiwa uchi kwenye upepo wa kusi, nusu ya mvuke wako utageuka maji ubavuni mwake kabla haujafika kwenye majani ya juu. Boila usiivishe chini ambako moto unafika.

Hatua ya tatu: kipoozeo

Hapa ndipo mitambo mingi ya nyumbani inapopoteza mafuta. Watu hutumia fedha kwenye pipa linalong'aa na kuufanyia ubahili mrija.

Chukua mrija wa shaba wa mafundi wa AC, wa robo tatu inchi, mita 6. Ukipata wa chuma cha pua, bora zaidi. Ujaze mchanga mkavu uliochekechwa, uzibe ncha mbili, kisha fundi auzungushe kwenye kigogo cha mnazi au pipa dogo upate mizunguko ya upana wa sentimita 35. Mchanga unauzuia mrija usibonyee. Ukimaliza umwage mchanga wote na uusafishe mrija kwa maji mengi ya moto. Ukague mteremko: kila mzunguko uwe chini ya uliotangulia. Pakiwa na bonde hata moja, maji yatatuama hapo na mafuta yatatoka kwa kushtukiza, mara yanakata mara yanamwagika.

Uweke mrija ndani ya pipa la plastiki la lita 200 lililojaa maji, mvuke ukiingia juu na mafuta yakitokea tundu la chini ubavuni. Sasa kuna hesabu ambayo inafaa uijue kabla hujalaumu mtambo. Kila lita moja ya mvuke iliyogeuka maji inaachia joto la kutosha kupandisha lita 18 za maji kwa nyuzi 30. Maji yetu ya bomba au ya kisima yako karibu na nyuzi 28 hata kabla hujaanza. Ukiwa na lita 200 na ukakeneka lita 8, yaani ukageuza mvuke wake kuwa maji, pipa zima litafika nyuzi 50 na kitu. Halafu maji ya juu yatakuwa moto zaidi ya hapo, kwani maji ya moto hupanda.

Kwa hiyo maji mapya yaingie kwa chini kwa mpira, na ya moto yamwagike kwa juu kupitia tundu. Kwa mchaichai, wa saa mbili, pipa lililojaa linaweza kukutosha. Kwa majani ya mkarafuu, yanayochukua saa nyingi zaidi, hakikisha una maji ya kubadilisha. Maji ya bomba yana desturi ya kukatika pale unapoyahitaji, kwa hiyo jaza madumu usiku wake. Maji ya moto yanayomwagika usiyatupe: yanafaa kujazia boila kwa kazi inayofuata, na kuni zitapungua.

Hatua ya nne: chupa ya kutenganishia

Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, yanaelea. Mafuta ya majani ya mkarafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Chupa moja haitumikii yote mawili kwa namna moja.

Kwa karafuu ni rahisi. Tafuta chupa kubwa ya kioo ya achari, ya lita 2 au 3, iweke ndani ya beseni. Faneli yenye mkia mrefu iteremshe matone mpaka katikati ya chupa. Mafuta yanakwenda chini, maji yanamwagika juu na kuingia beseni. Vitone vichache vitaendelea kuelea juu ya uso wa maji kwa sababu ni vidogo mno kuzama. Ili usivipoteze, yapitishe maji yanayomwagika kwenye chupa ya pili kabla ya kufika kwenye beseni, na mara moja moja uvigonge kwa kijiti ili vizame.

Kwa mchaichai, mpe fundi atengeneze kopo refu la chuma cha pua, lita 2, lenye kibomba kinachoanzia chini kabisa ubavuni na kupanda nje hadi sentimita 4 chini ya mdomo. Maji yanatoka chini kupitia kibomba hicho, mafuta yanabaki juu yakiongezeka unene. Lijaze kopo maji safi kabla hujaanza, la sivyo mafuta ya mwanzo yatatoroka na maji. Mafuta unayavuta mwisho kwa bomba la sindano la mililita 20.

Chupa na kopo vikae mita mbili au zaidi kutoka kwenye moto, upande unakotokea upepo. Kaskazi ikibadilika kuwa kusi, nawe badilisha upande wa jiko. Mafuta haya yanashika moto.

Hatua ya tano: jaribio la maji matupu

Unganisha kila kitu, tia lita 20 za maji kwenye boila, acha pipa la majani tupu, washa moto. Pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo: panapovimba mapovu pana upenyo. Acha mvuke upite saa nzima. Maji ya mwanzo yatanuka mafuta ya mashine na moto wa kuchomelea. Mara ya pili tia ndimu zilizokatwa kwenye boila na urudie. Maji yanayotoka yakiwa hayana harufu wala ladha ya chuma, mtambo uko tayari.

Kwenye jaribio hili hili pima kasi. Jiko la kawaida la gesi litakupa lita 2 mpaka 3 kwa saa. Jiko la kuni lililozungushiwa udongo, likilishwa makumbi na vifuu vya nazi, linazidi hapo, ila linahitaji mtu wa kukaa nalo.

Hatua ya sita: majani

Mchaichai ukate asubuhi umande ukishakauka, sentimita 10 juu ya ardhi ili uchipue tena. Uanike kivulini mpaka jioni au kesho yake unyauke. Ukiwa mbichi kabisa unajilaza kama tope na mvuke haupiti. Kata vipande vya urefu wa kidole. Pipa la lita 60 litachukua kilo 10 hivi. Mavuno yake ni madogo, nakwambia mapema usije ukavunjika moyo: kilo 10 za mchaichai zinatoa baina ya mililita 20 na 50, kutegemea shamba, umri wa majani na mvua.

Majani ya mkarafuu hayana tabu ya kupatikana. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika zaidi, na mpaka leo mashamba makubwa yako huku kwetu. Okota yaliyodondoka na kukauka wakati wa kiangazi, yasiyo na ukungu wala mchanga. Usipukutishe mabichi matawini, mti unadhoofika, na mwenye shamba ana haki ya kukufukuza. Yavunjevunje kwa mkono. Kilo 5 za majani makavu zinakupa gramu 100 hivi za mafuta, mara nyengine zaidi.

Kujaza pipa ni kazi ya mkono. Weka tabaka kwa tabaka, uzito sawa kila upande, na kingoni bonyeza zaidi kuliko katikati, kwa sababu mvuke hujitafutia njia nyepesi na ubavuni mwa pipa ndiko inakopatikana. Ukipata njia moja utapita hapo tu, na majani yaliyobaki yatatoka kama yalivyoingia. Acha nafasi ya shubiri moja juu.

Hatua ya saba: kukeneka

Washa moto mkali mpaka maji yachemke, kisha upunguze pale unapoona tone la kwanza. Kuanzia kuchemka hadi tone la kwanza inaweza kuchukua nusu saa, maana majani na pipa lazima vipate joto kwanza. Usiongeze moto kwa papara.

Maji yanayotoka yawe ya uvuguvugu tu, mkono uyavumilie bila ya shida. Yakiwa ya moto, au ukiona mvuke ukifuka kwenye mdomo wa mrija, punguza moto au ongeza maji baridi. Majirani wakikusifu kwamba mtaa mzima unanukia, ujue mafuta yako yanakwenda kwao. Mtambo mzuri haunukii sana ukiwa kazini.

Kila nusu saa vaa glavu, fungua koki ya chini ya pipa la majani kwa sekunde chache, toa maji yaliyojikusanya, funga. Yakiachwa yakafika kwenye wavu, majani ya chini yatapikwa badala ya kupitishiwa mvuke.

Utajuaje imetosha? Kinga maji kwenye glasi nyeupe na uyaangalie kwenye mwanga wa jua. Kukiwa hakuna tena vitone wala utando wa kung'aa kwa robo saa nzima, maliza. Mchaichai huwa tayari kwa saa moja na nusu mpaka mbili. Majani ya mkarafuu yape saa 4 au 5, na lita 15 unazoweza kutumia kwenye boila zitafika kama hujazidisha moto.

Zima moto, usiguse kiungo chochote kwa nusu saa, na uyasikilize mapovu ya bomba la usalama. Mfuniko unaofunguliwa mapema unamwaga mvuke usoni.

Maji yaliyobaki nayo yana mafuta

Eujenoli inayeyuka kwenye maji kwa kiasi cha gramu 2 na nusu kwa lita. Ukikeneka lita 10 ukamwaga maji yake, umemwaga hadi gramu 25, robo ya mavuno ya siku. Yarudishe maji hayo kwenye boila kwa mzigo unaofuata, na mafuta yaliyomo yatapanda tena na mvuke. Hii ndiyo sababu nyengine ya boila kuwa ya chuma cha pua.

Maji ya mchaichai hayana haja ya kurudishwa. Watengenezaji wa sabuni wanayachukua kutilia magadi badala ya maji matupu. Yachuje, yatie kwenye chupa safi na uyaweke kwenye friji. Nje huharibika upesi.

Kuhifadhi na kutumia

Mafuta yaache siku moja kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, maji yaliyobaki yatajitenga. Yavute, yachuje kwa pamba safi, uyatie kwenye chupa za kioo cha rangi ya kahawia zilizojaa mpaka shingoni, kwani hewa na mwanga vinayachakaza. Vifuniko vya mpira usitumie. Andika jina la mmea, pahali na tarehe. Mafuta ya karafuu hutoka ya manjano hafifu na huwa ya kahawia kadiri yanavyokaa. Hilo si kosa.

Yakiwa hayajachanganywa, mafuta ya karafuu yanaunguza ngozi na macho, na mtoto akiyanywa ni hatari kwa maisha yake, kwa hiyo yakae kwenye kabati la kufungwa. Kwa kuchulia, nusu mililita kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi inatosha. Ya mchaichai nayo usiyazidishe hapo. Ukitaka kuuza kwa jina lako, ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, ndio wahusika, anza nao kabla ya kuchapisha lebo.

Ukihama kutoka karafuu kwenda mchaichai, osha pipa na mrija kwa maji ya moto na magadi, suuza, kisha pitisha mvuke mtupu saa moja ukiwa umetia mabua ya mchaichai yaliyokwisha kutumika. Ukiruka hatua hii, mchaichai wako utanuka karafuu. Majani yaliyotoka kwenye pipa yaanike: ya mkarafuu yakikauka ni kuni za mzigo unaofuata, na ya mchaichai yanafaa kutandazwa chini ya migomba.